Kurudi kwenye hoteli ya ufukweni Zanzibar kwa pointi: mwongozo wa safari ya pili

Safari ya kwanza kwenye hoteli kubwa ya ufukweni huishia katika kujifunza. Unapewa chumba chochote kilichopo, unakula kila mlo hapohapo kwa kuwa hujui pa kwenda, unagundua siku ya tatu kwamba bahari hujaa jioni na asubuhi ni mchanga mtupu. Ukishafunga mzigo wa kuondoka ndipo unajua kila kitu. Kwa hiyo naamini pointi za hoteli, zile ambazo kampuni humpa mwanachama anayelala kwao na ambazo baadaye hulipia usiku, zina faida zaidi kwenye safari ya pili. Wengi wetu tumezipata kwa kulala Addis, Kigali au Nairobi kikazi, mbali na watoto. Zinastahili kwenda mahali tunapopajua, kwenye chumba tunachokitaka, wakati bahari iko vizuri.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kulala kwenye hoteli hiyo na sasa anataka kurudi na familia yake. Mpangilio wake ni bahari kwanza, hesabu baadaye, kuweka nafasi mwisho. Wengi huanza na pointi, na matokeo yake hupata usiku wa bure katika wiki ambayo maji hayapo.

Hakikisha hoteli bado imo kwenye mpango wa pointi

Hoteli nyingi za ufukweni Unguja zinajitegemea, au ziko chini ya kampuni ndogo zisizo na pointi kabisa. Zilizomo kwenye mipango mikubwa ni chache. Park Hyatt Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 2015 pale Shangani na kulichukua jumba la Mambo Msiige, iko kwenye World of Hyatt, mpango wa pointi wa Hyatt. Meliá Zanzibar ya Kiwengwa iko kwenye mpango wa Meliá, na Riu Palace ya Nungwi iko kwenye Riu Class. Nungwi pia kwa miaka mingi imekuwa na hoteli yenye jina la DoubleTree ya Hilton.

Hata hivyo, hoteli hubadilisha kampuni ya uendeshaji, na bango la getini likibadilika, pointi zako hazihami nalo. Ingia kwenye akaunti yako, andika Zanzibar, weka tarehe yoyote ya mbali na uchague kulipa kwa pointi. Hoteli yako ikitokea na bei ya pointi, endelea. Isipotokea, usihangaike kupiga simu mapokezi kwa sababu pointi haziko mikononi mwao.

Anayerudi Pemba ana hesabu nyingine. Manta Resort iliyoko kwenye rasi ya Kigomasha, yenye kile chumba cha chini ya maji kilichozinduliwa mwaka 2013, hulipiwa kwa pesa. Ukitaka kwenda huko, tumia pointi kwa usiku wa kupumzika njiani, Dar es Salaam au Mji Mkongwe, na pesa uliyookoa uipeleke Pemba.

Chagua tarehe kwa kuangalia bahari

Sehemu hii ndiyo itakayoamua kama utafurahi au la, nayo haimo kwenye tovuti ya hoteli yoyote.

Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi unaweza kuogelea karibu saa zote. Pwani ya mashariki ni mambo mengine. Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Paje na Jambiani zina mwamba mbali huko nje na maji mafupi ndani yake, kwa hiyo bahari ikipwa unaweza kutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba. Chukua kalenda ya mwezi wa Kiislamu uisome pamoja na kalenda ya likizo yako. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu kuanzia tarehe 14 au 15, huja bamvua, na tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hufika kiasi cha mita 4. Siku hizo maji hukauka kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi alasiri, na hukauka tena usiku. Karibu na tarehe 7 hadi 9, na 22 hadi 24, huwa maji mafu: bahari haiendi mbali, nayo hujaa asubuhi, wakati watoto wamekwisha kunywa chai na wanataka kuingia majini. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukijua ya siku moja umejua ya wiki nzima.

Kama unarudi pwani ya mashariki na watoto wadogo, jitahidi siku zako ziangukie maji mafu. Lakini kama unakwenda na watu wazima tu, bamvua ina neema yake. Maji yanapokauka ndipo wavuvi wa pweza wanapoingia mwambani na wanawake wa Paje na Jambiani wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Mchana wa siku hiyo, vibanda vya kijijini huwa na pweza aliyetoka baharini saa chache tu zilizopita. Mimi binafsi huwa tayari kupoteza asubuhi ya kuogelea kwa sahani hiyo, akiwa amepikwa kwa nazi na wali pembeni.

Halafu upepo. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, kaskazi takriban Novemba hadi Machi. Wakati wa kusi, pwani ya mashariki hupata upepo mwingi, mzuri kwa wanaoruka na tiara baharini pale Paje, ila si kwa mtu anayetaka kulala juani na kitabu. Huo ndio wakati wa kupendelea upande wa Kendwa. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati Aprili au Mei. Hata iliyo wazi inaweza kufunga mkahawa mmoja au bwawa moja, nawe unalipa pointi zilezile. Uliza kabla.

Julai, Agosti, na siku za Krismasi hadi Mwaka Mpya, vyumba vya pointi huadimika. Hoteli hutenga vyumba vya kawaida kwa pointi, na vikiisha kuuzwa kwa pesa, hakuna cha kukupa. Anayetaka Desemba aanze kutazama mwanzoni mwa mwaka.

Ramadhani nayo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Kwa mfungaji ni wakati mtulivu sana wa kurudi hotelini. Chai ya asubuhi ambayo umeshailipia haitakufaa, basi iombe iwe daku, iletwe chumbani kabla ya alfajiri. Hili ni ombi la kawaida Zanzibar na jikoni hulielewa haraka, mradi liwafikie mapema.

Piga hesabu kwa bei utakayolipa wewe

Makosa makubwa ya pointi hutokea hapa. Watu hulinganisha pointi na bei ya dola iliyoandikwa kwenye tovuti, wakati wao hawangelipa bei hiyo hata siku moja. Kama wewe ni Mtanzania au mkaazi, hoteli nyingi zina bei ya mkaazi, na mara nyingi iko chini sana. Ipigie hoteli simu, uliza bei ya mkaazi kwa tarehe zako, pamoja na kodi na chai ya asubuhi. Hiyo ndiyo bei ya kuwekea mizani.

Chukua mfano wa tarakimu za kujifunzia. Chumba ni dola 320 kwa usiku na kodi zake zote, au pointi 20,000. Gawa 320 kwa 20,000: kila pointi imekununulia senti 1.6 ya dola. Kwa mtu wa Muscat au London anayelipa bei kamili, ni biashara nzuri. Sasa weka bei ya mkaazi, tuseme dola 170. Kila pointi imekununulia senti 0.85 tu. Chumba ni kilekile na kitanda ni kilekile, lakini kwa mkaazi pointi hizo zimeondoka kwa karibu nusu ya thamani. Mkaazi wa namna hiyo angefanya vizuri kulipa shilingi na kuzihifadhi pointi kwa ajili ya safari ya nje, ambako hakuna anayempa bei ya mkaazi.

Usilinganishe pointi za kampuni moja na nyingine kana kwamba ni sarafu moja. Hyatt hutoa pointi 5 za msingi kwa kila dola unayotumia. Hilton na Marriott hutoa 10 kwenye hoteli zao nyingi. Pointi moja ya Hyatt kwa hiyo ni ngumu zaidi kuipata, na inapaswa kukununulia zaidi. Kwa pointi za Hyatt, nikiona thamani imeshuka chini ya senti 1, nalipa pesa.

Jambo la kuongeza kwenye mizani ni idadi ya usiku. Marriott hukusamehe usiku mmoja ukilipia usiku 5 mfululizo kwa pointi, ule wenye bei ndogo kuliko yote. Hilton nao wana usiku wa tano wa bure kwa wanachama wa daraja la Silver na kuendelea, daraja likiwa ngazi ya uanachama inayopanda kadiri unavyolala kwao. Kwa hiyo usiku 5 wa pointi 40,000 kila mmoja unakuwa pointi 160,000, sawa na 32,000 kwa usiku. Kama ulipanga siku 4, omba ruhusa ya siku moja zaidi kazini. Hyatt hawana utaratibu huo, lakini usiku wa bure kwao hausumbuliwi na ile ada ya hoteli ya mapumziko inayotozwa juu ya bei ya chumba, na Hilton vilevile.

Kwenye hoteli ambazo bei hujumuisha vyakula na vinywaji vyote, soma vizuri pointi zinalipia watu wangapi. Aghalabu ni wawili. Mtoto atakayekuwa mtu wa tatu chumbani atakuja na bili yake.

Kusanya pointi za nyumba moja

Mume ana pointi kidogo, mke ana kidogo, kaka aliyeko Dubai ana zilizokaa tu. Hilton huruhusu watu hadi 11 kuchanganya pointi zao bila malipo. Hyatt huruhusu mwanachama kumhamishia mwenzake, mara moja kila siku 30. Marriott nao huhamisha, hadi pointi 100,000 kwa mwaka. Fanyeni hili wiki kadhaa kabla, kwa sababu uhamisho unaweza kuchelewa na chumba hakisubiri. Jina kwenye akaunti lifanane na jina kwenye pasi au kitambulisho; wale wenye majina matatu kwenye pasi na mawili kwenye akaunti walirekebishe hilo kabla ya safari.

Ziwekwe kwenye akaunti ya yule mwenye daraja la juu kuliko wote, naye awe miongoni mwa wasafiri. Daraja lake ndilo litakaloleta chai ya bure au chumba bora zaidi.

Weka nafasi mwenyewe, kwenye programu ya kampuni

Usiku wa pointi huwekwa kwenye tovuti au programu ya simu ya kampuni yenyewe. Ukiwa na usiku mwingine wa kulipia pesa katika safari hiyohiyo, uweke hapohapo pia. Ukipitia kwenye tovuti za mawakala wa vyumba, kwa kawaida hupati pointi, wala usiku huo hauhesabiwi kwenye daraja lako. Usiku wa pointi wenyewe huhesabika kwenye daraja kwa Hyatt, Hilton na Marriott, jambo ambalo wengi hawalijui.

Soma tarehe ya mwisho ya kughairi na uiandike kwenye kalenda ya simu. Ukighairi kabla yake, pointi hurudi zote. Msimu wa wageni wengi tarehe hiyo huwa ya mapema zaidi.

Waandikie kwa Kiswahili

Kompyuta ya kampuni huko mbali inajua umeweka chumba cha kawaida, vitanda viwili. Haijui kwamba chumba cha mwanzo wa jengo husikia muziki wa baa hadi usiku wa manane. Hayo unayajua wewe, kwa kuwa umeshalala pale, na anayeweza kuyatendea kazi ni kijana au dada wa kitengo cha vyumba. Kama wiki moja kabla ya kufika, tuma ujumbe kama huu:

"Assalaam aleikum. Mimi ni mgeni wenu wa mwaka jana mwezi wa Agosti, na sasa narudi na familia tarehe 12 hadi 17, kwa nafasi niliyoiweka kwa pointi. Safari hii nakuja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Tunaomba chumba cha chini, upande wa bustani ulio mbali na jukwaa la muziki, hata kama bahari haionekani. Kama kuna vyumba viwili vyenye mlango wa kati, tutashukuru zaidi. Tutashuka bandarini Malindi na boti ya mchana, hivyo tutafika kwenu alasiri. Ahsanteni kwa ukarimu wenu wa mara ya kwanza."

Ombi hilo limesema sababu, limetaja mahali hasa, na limejitolea kuacha kitu, yaani mandhari ya bahari, ili kupata kingine. Mtu wa vyumba anapopanga wageni wake anaweza kulitimiza bila kumkosesha mwingine. Anayeandika "naomba chumba kizuri" hajampa la kufanya. Na anayedai kupandishwa hadi chumba cha kifahari kwa sababu ni mgeni wa kurudi, mara nyingi hupata jibu la adabu na chumba kilekile.

Tenga pesa ya yale ambayo pointi hazilipi

Kwanza kuna tozo ya miundombinu, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kiwango chake kikitegemea daraja la hoteli. Uliza kwenye ujumbe wako kama wageni wa pointi wanailipa wakati wa kuondoka. Mgeni wa kutoka nje ya nchi, wakiwemo ndugu zetu wenye pasi za kigeni, anahitaji pia bima ya safari ya Zanzibar inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Imekuwa ya lazima tangu tarehe 1 Oktoba 2024, na ni dola 44 kwa mtu mzima. Inunuliwe mtandaoni kabla ya safari.

Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume au bandarini hadi kaskazini ni zaidi ya saa moja. Gari ya hoteli ndiyo ghali kuliko zote; safari ya pili unaweza kumpigia dereva aliyekuhudumia mwanzo, mkakubaliana bei kabla ya kupanda. Kijana anayesafiri na begi moja la mgongoni, daladala 116 inamfikisha Nungwi na 117 Kiwengwa.

Mlo wa usiku ndio unaomaliza pesa. Watu wanne wakila hotelini usiku 5, bili ya chakula inaweza kukaribia bei ya vyumba ulivyodhani umevipata bure. Kuleni chai ya asubuhi hotelini, mshibe hasa, mchana matunda na kitu chepesi, na usiku mtoke. Nungwi, Kiwengwa na Paje ni vijiji vya watu, vina maandazi, chapati, samaki wa kupaka na mkate wa ufuta. Kama mko Shangani, Forodhani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Usiku mmoja mle hotelini kwa kujinafasi, mkichagua siku ambayo mpishi ana samaki wa siku hiyo.

Mapokezi, na siku ya kuondoka

Ukifika, salimia kwanza, kisha toa kitambulisho na uthibitishe mambo matatu tu: chumba ulichoomba, chai ya asubuhi imo au haimo, na saa ya kuondoka. Hili la mwisho ni la maana kwa wenye boti au ndege ya jioni. Liulize siku ya kwanza, maana siku ya mwisho chumba kimeshapangiwa mtu. Wasipoweza, watakupa mahali pa kuweka mizigo na bafu la kuogea karibu na bwawa, nalo linatosha.

Mtafute mhudumu wa chumba aliyekuhudumia mara ya kwanza, kama bado yupo. Bakshishi yake mpe mkononi, kwa shilingi, katikati ya safari badala ya mwisho, kwa kuwa siku ya mwisho inaweza kuwa zamu ya mwingine.

Usiku wa kabla ya kuondoka omba bili ichapishwe, uisome umekaa. Usiku wa pointi uonekane kama sifuri. Kama kuna bei ya chumba, ada usiyoielewa, au chai ambayo daraja lako linailipia, yasemwe usiku huo wakati msimamizi ana nafasi, kabla ya foleni ya asubuhi ya wanaokimbilia boti. Chukua nakala.

Baada ya kama wiki moja fungua akaunti yako. Usiku wote uwe umehesabiwa, na ulichokula kwa pesa kiwe kimekuingizia pointi pale mpango unaporuhusu. Kisichoonekana, tuma ile nakala ya bili kwa kampuni. Pointi za Hyatt, Hilton na Marriott hufa akaunti ikikaa miezi 24 bila chochote kuingia wala kutoka, kwa hiyo usiku huu wa ufukweni umeziongezea zilizobaki miaka miwili mingine. Weka ukumbusho kwenye simu, wa mwezi wa 20 baada ya safari.